Mkebe wa Visheti Sikukuu Ikishapita

Assalaam alaykum. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni: Idi imekwisha, lakini kabatini bado haijaisha. Visheti vimo, nankhatai zimo, kashata za nazi zimo, na halua haijafika hata nusu.

Vimebakije vingi hivyo? Hapa pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Umempelekea visheti, atakurejeshea mkate wa sinia. Umempa mkate wa sinia, kaimati hizo zinakuja. Mwisho kila nyumba ina vya mtaa mzima. Desturi hii siigusi, ni nzuri mno. Nazungumzia siku zinazofuata, pale mtu anapoingia jikoni kunywa maji akatoka anatafuna kisheti, na ukimuuliza amekitoa saa ngapi, hajui.

Atakwambia, "Nakula visije vikaharibika, tukafanya israfu." Hapo nabisha. Kaimati sawa, zikilala zinalegea. Lakini kisheti kikavu kilichogandwa na sukari, mkebe ukifungwa vyema, kinakaa wiki kadhaa. Halua nayo sukari yake ni nyingi hata friji haiitaki. Hakuna kinachokukimbiza. Ukimaliza mkebe kwa siku tatu, israfu ni ileile, ila umeifanyia tumboni.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Hiyo ya pili, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Hesabuni wenyewe: vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu. Zimekwisha, na mkebe haujafunguliwa.

Watu husema dawa ni kujikaza. Mimi kujikaza sikuamini sana. Mwaka 1970 Walter Mischel na Ebbe Ebbesen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio la watoto wa chekechea: ukisubiri, utapewa kile unachokipenda zaidi. Waliowekewa vitu mbele ya macho walishindwa mapema. Waliofichiwa walisubiri zaidi. Basi mkebe utoke mezani, upande juu ya kabati, na uwe wa bati, si wa kioo. Halua ikatwe vipande vidogo, iliwe kwa kahawa chungu, watu wamekaa kitako. Na wewe unayefunga sita za Shawali, usifuturu umesimama kabatini.

Naona mkono. "Na mama mkwe akija na sinia jingine?"

(Kicheko.)

Pokea kwa mikono miwili, mwanangu. Onja mbele yake, mshukuru. Jioni wagawie watoto wa madrasa kidogo kidogo, na mlinzi usimsahau. Sinia la mkwe lirudishe na mapapai. Na kama mkwe mwenyewe ana ugonjwa wa sukari, hata hayo mapapai yawe ya kiasi.