Ngozi tupu kwenye matete ya Luiche

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Ndani ya kiberiti hiki kuna kitu nilichokiokota leo alfajiri kwenye kijito kinachoingia Mto Luiche. Kipitisheni mkono kwa mkono, taratibu, maana kikibanwa kidogo tu kinapondeka. Mtasema ni mdudu mfu. Tazameni mgongoni: pamepasuka. Mwenyewe alitokea hapo, akaenda zake. Vile vinyuzi vyeupe kwenye mpasuko ni utando wa mirija yake ya kupumulia. Ameuvua pamoja na ngozi, na hata gamba la macho ameliacha.

Huyu ni kereng'ende. Kabla ya kupata mbawa aliishi majini, akiwinda mabuu ya mbu na viluwiluwi kwa mdomo wa chini unaofyatuka kama mkono. Ngozi yake haitanuki, kwa hiyo kila alipokua aliivua, mara 10 hivi au zaidi. Hii ndiyo ya mwisho. Alipanda tete gizani, akang'ang'ania kwa kucha, mgongo ukapasuka, akatoka laini kama ugali wa moto, mbawa zimekunjamana. Akabaki palepale mpaka zikanyooka na kukauka.

Sasa nisikilizeni hapa. Kereng'ende anayeruka juu ya kijito anaweza kuwa mgeni; wapo wanaovuka Bahari ya Hindi. Ngozi haisafiri. Ukiikuta imeshika shina, jua maji ya hapo ndiyo yaliyomlea mwenyewe, tangu yai.

Juzi nilishuka chini kidogo, kwenye bustani za mchicha. Matete yamefyekwa hadi majini. Nilitafuta asubuhi nzima, nikachutama, nikageuza mawe. Sikupata hata ngozi moja. Atapanda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Najua bustani hizo ndizo zinazolipa ada za watoto, na simlaumu mtu anayetafuta riziki. Ninachoomba ni kwamba panapofyekwa, mashina ya ukingoni yaachwe yamesimama.

Kiberiti kimefika wapi? Mama, usikifunge bado, mwache mtoto atazame. Kesho saa 11 alfajiri nitakuwa kijitoni. Atakayekuja aje na tochi.