Mjomba wa Darasa la Pili

NDESHI: Leo Moshi kuna baridi na Mama Glory kaingia kanuna. Haya, waambie wasikilizaji yaliyokupata Jumanne.

MAMA GLORY: Nilikwenda kliniki kutoa vijiti vya uzazi wa mpango, vile vya mkononi, miaka 5 imeisha. Nesi, rika la Glory wangu, akaona kwenye kadi miaka 46. Akaniuliza mbele ya benchi zima, "Mama, bado unahitaji njia?"

NDESHI: Jamani!

MAMA GLORY: Nilitaka kulia. Kwani tukifika 40 tunakuwa mapambo ya nyumba?

NDESHI: Na ndio umri wa kunasa! Siku zinaruka miezi mitatu, mtu anasema zimekoma, kumbe mimba. Usiache njia mpaka zikatike miezi 12 mfululizo, na kama hujafika 50, miaka 2. Tena ukiwa kwenye sindano au vijiti zinaweza kukatika tu, usizihesabie.

MAMA GLORY: Dada yangu wa Kibosho si ndivyo alivyompata mziwanda, ana 47? Yuko darasa la pili, na mjukuu wa dada, kidato cha kwanza, anamwita mjomba.

NDESHI: Anamwamkia?

MAMA GLORY: "Shikamoo mjomba." Na mwenzake anaitika marahaba huku anafungwa kamba za viatu na huyohuyo.

NDESHI: Hapana! Shikamoo ni ya umri.

MAMA GLORY: Ya ukoo. Mjomba ni mjomba.

NDESHI: Akimtuma dukani?

MAMA GLORY: Anakwenda!

NDESHI: Ngoja, nesi tumemwacha. Ukachagua nini?

MAMA GLORY: Kitanzi cha shaba, kile cha kuwekwa ndani ya kizazi. Hakina homoni, na kwa umri wangu kinaweza kunifikisha ukomo wa hedhi. Aliniambia damu inaweza kuongezeka, nikakubali.

NDESHI: Una wanne, ungefunga kizazi tu. Pale kibandani kwangu Kiborloni wateja wa rika letu wanapenda sindano, miezi 3, hakuna anayeiona. Ila wote wanalia kuchoka kwenda kliniki. Kufunga ni mara moja.

MAMA GLORY: Sitaki cha moja kwa moja. Nataka kitu nikisema toeni, kinatoka.

NDESHI: Ili uzae tena?

MAMA GLORY: Sizai. Lakini mlango wa mwilini mwangu, ufunguo nikae nao mimi.

NDESHI: Mimi nilifunga nina 39, na ufunguo ninao. Ndio niliofungia.

MAMA GLORY: Sawa, wewe.

NDESHI: Si sawa wewe. Unajibu kama nimepoteza kitu.

MAMA GLORY: Sijasema hivyo.

NDESHI: Umesema ufunguo.

MAMA GLORY: Na sirudishi neno, Ndeshi. Ni langu.

NDESHI: ...Fundi mitambo ananionyesha zimebaki dakika 2. Tulipanga kueleza vidonge na presha, na akina baba kufunga.

MAMA GLORY: Haitoshi. Wiki ijayo.

NDESHI: Basi nijibu moja. Desemba mkichinja, fungu la nyama la mjomba anapewa nani?

MAMA GLORY: Yeye! Na analimaliza!