Fundi, Pipa na Vijiko Vitatu vya Petroli

Ndugu mwenyekiti, wenye gereji, mameneja wa vituo vya mafuta, habari za asubuhi. Ya lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Agosti 2019, siyaelezi. Hapa Morogoro nani asiyeyajua? Mimi nimekuja na habari ya pipa. Naona mmoja kule nyuma anacheka, kwa kuwa ameshanisikia. Cheka, ila leo sikiliza hadi mwisho.

Gereji moja, siitaji. Mteja kaleta pipa la lita 200 lililokuwa na petroli, anataka lipasuliwe ubavuni liwe jiko la nyama choma. Fundi kafungua kizibo, kaliinamisha, halikutoa hata tone. Kaligonga, likalia. Akawasha grenda. Kitako cha pipa kilifyatuka, kikampita begani, kikatoboa bati la banda. Alipona, na makovu ya moto shingoni anayo. Na ofisini kwao, juu ya meza ya bosi, kimetundikwa cheti chake cha mafunzo ya usalama, kimewekewa na kioo.

Sasa huyo aliyemfundisha alimwambia nini? Kwamba petroli ni hatari. Hilo hata mtoto analijua! Hakumwambia kuwa kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na kwamba mvuke ukifika takribani asilimia 1.4 tu, cheche moja inatosha. Ukizidi sana, kama asilimia 7.6 kwenda juu, hauwaki, hewa haitoshi. Pigeni hesabu ya pipa lile: petroli ya kama vijiko vitatu vya chai, iliyojificha kwenye mshono wa kitako, inatosha kulifanya bomu. Lililojaa pomoni ndani halina hewa ya kutosha kulipuka. Mimi naliogopa zaidi hilo mlilolitupa nyuma ya banda.

Mtaniambia, "Mwalimu, tunakata mapipa miaka yote." Sawa. Mara nyingine mvuke ulikuwa haba, mara nyingine ulizidi. Hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi darasani. Mwingine atasema lake lilikuwa la dizeli, na dizeli haishiki moto kirahisi. Kweli, ikiwa baridi. Wewe unaipelekea moto wa gesi! Bati likipata moto, masalia yaliyogandia ndani yanageuka mvuke papo hapo. "Tulisuuza na maji." Petroli na maji vimepatana lini? Pipa lisafishwe kwa mvuke wa maji moto au maji moto yenye sabuni, vizibo wazi, kisha lipimwe kwa kipima gesi. Huna kipimo? Usikate. Mwambie mteja atafute pipa ambalo halijawahi kubeba mafuta wala thina. Atanuna, anune.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Dumu lijazwe likiwa chini sakafuni, si juu ya bodaboda wala ndani ya pikapu yenye zulia la plastiki, kwa sababu ya umeme tuli, ule unaojikusanya wenyewe na kurusha cheche. Na mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu. Moto wa petroli usimwagiwe maji, petroli huelea juu yake na kuusambaza. Tumia povu au poda. Habari ya kutunza thina stoo naiacha, ingawa ilistahili saa nzima.

Kilichobaki tukione kwa macho. Nje nimeegemeza mfereji wa bati kwenye mteremko. Mshumaa unawaka chini, na juu nitaweka kitambaa kilicholowa petroli kidogo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, utateremka wenyewe hadi kwenye mshumaa, kisha moto utapanda kukifuata kitambaa. Kila aliyewaajiri mafundi aangalie hilo kwanza, halafu ndipo aniulize bei ya vyeti. Twendeni. Simameni upande upepo unakotoka, na mwenye sigara abaki humu ndani.