Pembe ya Kutazama: Kwa Nini Aliyekaa Kando Haoni Picha Yako

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, wenye kompyuta mpakato zifungueni. Wekeni picha ya uso wa mtu, kisha lazeni skrini nyuma polepole mpaka mwisho wake. Haya, nasikia minong'ono! Wapo ambao uso umekuwa mweusi ukageuka kama negativu ya filamu, na wapo wanaonishangaa kwa sababu hawajaona badiliko lolote.

Skrini ya LCD, yaani ya fuwele za kimiminika, haitoi mwanga wake yenyewe. Nyuma ina taa, mbele yake vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, na katikati ya vichujio hivyo kuna fuwele za kimiminika, molekuli ndefu mfano wa vijiti. Umeme huvigeuza vijiti, navyo huamua mwanga upite au uzuiwe. Sasa shikeni kalamu. Mkiielekeza jichoni mnaona ncha tu. Mkiilaza mnaona urefu wake wote. Mwanga nao huzikuta molekuli hivyo hivyo: miale inayomfikia aliye mbele imepita njia tofauti na inayomfikia aliye kando, ingawa paneli ni ileile. Hata vichujio vyenyewe, ukivitazama kwa mshazari, havikingamani tena sawasawa. Mwanga unavuja, weusi unageuka kijivu.

LCD zina aina kadhaa. Paneli za TN, aina ambayo msingi wake ni wa miaka ya 1970, huinamisha vijiti upande mmoja. Ndiyo maana ukizitazama kutoka chini giza linaingia, na kutoka juu picha inapauka. Kampuni ya Hitachi walipoleta IPS, aina nyingine ya LCD, mwaka 1996, vijiti vilizunguka vikiwa vimelala sambamba na kioo, kama mshale wa saa, kwa hiyo upande unaokaa hauna uzito mkubwa. VA, aina ya tatu, ina weusi mzito ukiwa mbele, lakini sogea kando uone rangi zinavyofifia. Na OLED, ambayo si LCD, kila pikseli, yaani nukta ya picha, hujitolea mwanga wake, weusi haubadiliki popote ulipo. Ni weupe tu ambao huweza kuingia ubuluu kidogo.

Nije kwenye lile linaloniudhi: nyuzi 178. Mmeiona namba hiyo kwenye maboksi ya skrini, ikitajwa kuwa pembe ya kutazama. Nyuzi 180 ni mstari ulionyooka, kwa hiyo 178 ni sawa na kutazama skrini ukiwa karibu kabisa na ubavu wake! Inapatikanaje? Kwa kawaida hupimwa mpaka pale weupe unapobaki uking'aa mara 10 tu kuliko weusi. Skrini ambayo ukiwa mbele yake weupe unang'aa mara 1,000 inaweza kupoteza sehemu 99 kati ya 100 za tofauti hiyo, na bado ikafaulu. Rangi imeharibika kiasi gani? Kipimo hicho hakiulizi.

Msidhani pia kwamba jambo hili ni la wanaojazana sebuleni. Skrini ya inchi 27 ina upana wa takribani sentimita 60. Kaa katikati, umbali wa sentimita 60, na kingo zake unazitazama kwa nyuzi 27 hivi. Uko peke yako, umekaa wima, na bado uko pembeni! Niliwahi kusahihisha anga la picha kwenye paneli ya TN, juu likionekana jeusi kuliko chini. Nikaling'arisha juu, nikaridhika. Ilipochapishwa, juu palikuwa pamepauka. Anga halikuwa na kosa. Shingo yangu ndiyo iliyokuwa chini ya usawa wa skrini. Siku hizi naanza kwa kujaza skrini kijivu kimoja. Nikiona kijivu viwili, nasogea nyuma kwanza.

Naona mkono pale nyuma. Anauliza kuhusu televisheni iliyotundikwa juu sana ukutani. Kama ni TN, umeipata pembe yake mbaya kuliko zote, ile ya chini. Legeza kishikizo uiinamishe mpaka kioo kikuelekee usoni.