Kipindi cha Leo: Kifurushi cha R Kimebeba Fanksheni Zipi?

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo mwenzangu Bakari amekuja na swali lililomkwamisha jioni nzima: ukishapakia kifurushi, yaani mkusanyiko wa fanksheni na data, katika R, lugha ya programu ya takwimu, utajuaje kimekuletea fanksheni gani, yaani amri zipi za kuita kwa jina na mabano?

BAKARI: Ahsante, dada Zuhura. Nilidhani jibu ni jepesi. Niliandika library(MASS) kupakia kifurushi kiitwacho MASS, kisha ls("package:MASS"), nikapata majina tele. Lakini nilipoliita mojawapo, Boston, kwa kuliwekea mabano, R ilinijibu kwamba haioni fanksheni yenye jina hilo.

ZUHURA: Haikukosea, kwa kuwa Boston ni jedwali la data. Amri ya ls haibagui: hutaja kila kilichoambatishwa, iwe fanksheni au data. Ukitaka fanksheni peke yake, andika lsf.str("package:MASS"), ambayo huonyesha pia hoja, yaani taarifa unazoipa kwenye mabano, ambazo kila fanksheni inapokea. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hasa. Ukiielekeza kwenye stats, kifurushi cha takwimu kinachokuja na R, kwa mfano, utakutana na mstari huu wa sd, fanksheni ya mkengeuko sanifu:

sd : function (x, na.rm = FALSE)

Kabla hata hujafungua ukurasa wa msaada, umeshajua kwamba sd haitaondoa thamani zinazokosekana mpaka uiambie.

BAKARI: Lakini stats ina majina zaidi ya 400. Nani atayasoma yote?

ZUHURA: Hakuna, wala mimi siyasomi. Nikikumbuka kipande tu cha jina, natumia apropos. Ukiandika apropos("\\.test$"), utaletewa majina yanayoishia na .test katika vifurushi vyote vilivyoambatishwa: t.test, wilcox.test, binom.test na wenzao. Na kama hukumbuki hata kipande, help(package = "stats") hufungua faharasa yenye maelezo mafupi ya kila mada.

BAKARI: Asubuhi yake nilifungua R upya, nikaandika ls("package:MASS") moja kwa moja, nikapata ujumbe wa kosa, ilhali kifurushi kimesakinishwa.

ZUHURA: Kusakinisha ni kuwa nacho kwenye diski, kuambatisha ni kukiweka kwenye orodha ambamo R hutafuta majina, na ls("package:MASS") huangalia orodha hiyo tu. Usipotaka kuambatisha, tumia getNamespaceExports("MASS"), uizungushie sort, kwa maana majina huja yamevurugika. Hayo ndiyo majina ambayo mwandishi wa kifurushi ameyatangaza katika faili la NAMESPACE kuwa ni ya matumizi ya watu wote. Boston hutaiona humo.

BAKARI: Kwa hiyo yapo mengine ambayo hakuyatangaza?

ZUHURA: Yapo, tena mara nyingi si machache. Andika t.test bila mabano, utegemee kuona hesabu zake, utaona tu UseMethod("t.test"), yaani mlango wa mbele unaokupeleka kwenye fanksheni nyingine zinazofanya hesabu. Sasa andika methods("t.test"): yatatokea t.test.default na t.test.formula, kila moja ikiwa na kinyota. Kinyota hicho kinamaanisha kwamba fanksheni ipo lakini haikutolewa nje, yaani haikutangazwa katika NAMESPACE. Kuisoma, unatumia nukta pacha tatu, stats:::t.test.default, au getAnywhere ukiwa hujui imejificha katika kifurushi kipi. Ukitaka kila kitu, pamoja na majina yanayoanza na nukta, ni ls(asNamespace("stats"), all.names = TRUE).

BAKARI: Basi si afadhali kutumia hiyo ya mwisho siku zote?

ZUHURA: Kwa kusoma, sawa. Kwa kutegemea, hapana. Niliwahi kujenga uchambuzi mzima juu ya fanksheni moja ya ndani niliyoifikia kwa nukta pacha tatu, nikajiona mjanja. Toleo jipya la kifurushi lilipotoka, fanksheni ile ilikuwa imeondolewa bila tangazo, na sikuwa na haki ya kumlalamikia mwandishi, kwa sababu hakuwahi kuniahidi kwamba ingedumu.

BAKARI: Ukafanyaje?

ZUHURA: Niliorodhesha majina yaliyotolewa nje, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Fanksheni iliyofanya kazi ileile ilikuwamo, kwa jina jingine, ikiwa na ukurasa wake wa msaada.