Ugomvi ni wa laki nane, si wa milioni mbili: bima inapokata makadirio ya gereji

NEEMA: Karibuni. Leo tunaanza na hesabu, maana barua ya bima ikifika wengi husoma namba moja tu. Tuseme RAV4 ya 2007 yenye bima kubwa imegonga nyuma ya Fuso pale Tengeru. Gereji ya mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, imekadiria 4,720,000. Kampuni inajibu kwamba italipa 2,880,000. Kaka Eli, mwenye gari amepunjwa?

ELIBARIKI: Bado hatujui, dada Neema. Tofauti ni 1,840,000, ila ndani yake kuna vitu vitatu visivyofanana. Gereji iliandika kazi na spea 4,000,000, ikaongeza VAT asilimia 18, yaani 720,000. Mkadiriaji wa kampuni amehesabu bila VAT. Halafu ameidhinisha 3,200,000, akatoa ekses, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 10, yaani 320,000. Zilizobaki, 800,000, ndizo alizokata kwenye kazi yenyewe.

NEEMA: Kwa hiyo ekses hakuna cha kubishania.

ELIBARIKI: Kama iko kwenye mkataba, basi. VAT ni ya kuuliza kwa maandishi: je, mtailipa gereji ikitoa risiti ya EFD? Mtu binafsi hana pa kudai arudishiwe hiyo VAT, kwake ni gharama ya matengenezo. Sasa zile laki nane ndizo za kupigania, na huwezi kuzipigania bila kuona mchanganuo. Barua ya kwanza kabisa inaomba kitu kimoja: nakala ya ripoti ya mkadiriaji, mstari kwa mstari, ikionyesha kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu.

NEEMA: Tuseme imekuja. Imekata chuma cha nyuma ya bampa 150,000, imeandika "kinyooshwe". Imekata kupima shasi na alaimenti ya magurudumu 120,000. Gesi ya AC 100,000. Kupuliza rangi kwenye mlango wa mbele 180,000. Na taa moja imeshushwa kwa 250,000, kwamba inunuliwe mtumba badala ya mpya.

ELIBARIKI: Anza na gesi, hiyo haihitaji mabishano. Ukiangalia juu kidogo kwenye ripoti hiyohiyo, kondensa, ile rejeta ya AC, imeidhinishwa. Huwezi kufungua kondensa gesi isitoke. Mfumo ukishafunguliwa unavutwa hewa kwa pampu, kisha unajazwa R134a kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Sentensi mbili tu kwenye barua, na mstari huo unarudi.

NEEMA: Ripoti yenyewe inajipinga. Tafuteni kwanza makosa ya namna hiyo, ndiyo yanayomfanya msomaji wa barua akuamini kwenye mengine.

ELIBARIKI: Chuma cha bampa sasa. Hapa siwezi kulegea. Kile chuma kimetengenezwa kikunjwe mara moja. Kikinyooshwa kwa nyundo na moto, chuma kinabadilika tabia, na mgongano ujao nguvu haitapita jinsi mtengenezaji alivyokusudia. Vihisi vya airbag vya mbele viko eneo hilohilo, vinasoma jinsi gari linavyopungua mwendo. Kinafungwa kwa boliti, ufundi wake ni mdogo, gharama karibu yote ni spea. Piga picha kikiwa kimetolewa, kimelazwa chini, rula ndefu ikiwa juu yake ili mpindo uonekane.

NEEMA: Picha watu wanapiga, lakini wanapiga bampa lililovunjika tu, ambalo hakuna anayelibishia.

ELIBARIKI: Picha yenye kazi ni ile ya baada ya kufungua. Kwanza namba ya gari ionekane, kisha upande mzima, kisha karibu, kisha kipimo kikiwa pembeni. Na isipigwe baada ya rangi! Mkadiriaji akiambiwa "kulikuwa na mpindo hapa" huku kumeshapakwa puti, hana cha kuandika.

NEEMA: Kupima shasi je? Mkadiriaji ameandika "hakuna dalili".

ELIBARIKI: Dalili zipo kwenye vipimo. Chukua tepu ya chuma, chagua matundu manne ya boliti yanayolingana kushoto na kulia kwenye sehemu ya injini. Pima mshazari wa kwanza, pima wa pili. Vikitofautiana zaidi ya kama milimita 3, kuna kitu kimesogea, na gari linapaswa kwenda kwenye benchi ya kunyooshea. Tazama pia mwanya kati ya boneti na fenda: upande mmoja milimita 4, wa pili 8, hilo si jambo la kurekebisha kwa bawaba. Andika namba hizo kwenye barua. Neno "limepinda" litajibiwa kwa neno "halijapinda". Milimita 9 itajibiwa kwa kuja kupima.

NEEMA: Na alaimenti?

ELIBARIKI: Chapisho la mashine. Kama tairi lilipigwa au usukani umekaa upande, chapisho linaonyesha pembe za magurudumu zilivyotoka nje ya kiwango. Kupima tu ni bei ndogo kuliko kutafuna tairi mbili mpya kwenye safari za Moshi.

NEEMA: Rangi sasa, maana mlango haukugongwa kabisa na kampuni inauliza kwa nini ilipie.

ELIBARIKI: Inategemea rangi. Nyeupe ya kawaida, fenda ikipulizwa vizuri peke yake, mkadiriaji ana haki ya kukataa. Lakini Toyota nyingi za hapa zina nyeupe ya lulu, msimbo 070, unauona kwenye bamba la nguzo ya mlango au ukuta wa injini. Ile hupulizwa kwa hatua tatu: rangi ya chini, lulu, kisha klia, ile ya kung'aa juu. Idadi ya mikono ya lulu ikitofautiana kidogo, fenda inaonekana ya njano au ya kijivu kando ya mlango. Ndiyo maana fundi huififisha rangi taratibu kuelekea kwenye mlango, kisha klia inafunika mlango wote. Mwambie fundi rangi aandike msimbo na sababu hiyo kwenye makadirio.

NEEMA: Tumebakiza taa.

ELIBARIKI: Hapo kampuni ina hoja. Gari la 2007 lilikuwa na taa ya 2007. Taa ya mtumba kutoka Japani, lenzi safi, masikio yote ya kufungia mazima, inakurudisha ulipokuwa. Unachodai ni bei ya kweli: tafuta bei tatu za taa iliyopo, ukijumlisha usafiri kama inatoka Dar. Taa yenye sikio lililogundishwa ikataliwe, inatetemeka barabarani na mwanga hauwezi kupangwa.

NEEMA: Na wakifungua wakakuta hasara nyingine?

ELIBARIKI: Kazi isimame. Gereji iandike makadirio ya nyongeza, mkadiriaji aje aone kabla ya kubadili. Spea za zamani zisitupwe wala kuuzwa, zikae na lebo hadi dai lifungwe. Nyongeza nyingi zinakufa hapo, fundi ameshafunga kitu kipya na cha zamani kimeenda kwa chuma chakavu.

NEEMA: Angalieni pia thamani mliyokatia bima. Gari la milioni 20 likikatiwa kama la milioni 15, na mkataba una kipengele cha wastani, dai linalipwa robo tatu tu. Hapo barua ya mistari haisaidii.

ELIBARIKI: Kweli. Mengine yote yanaenda kwa kitengo cha madai, nakala kwa dalali wa bima, pamoja na fomu za polisi. PF 93, ile ya ukaguzi wa gari, isome kabla hujaambatisha. Kama mkaguzi ameandika "sehemu ya mbele" bila kutaja upande, utaulizwa. Wakikataa au wakikaa kimya, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapahapa Arusha. Kisha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini atataka kuona kwamba kampuni ulishaiandikia.

NEEMA: Ile hati ya kukubali malipo wanayokupa usaini?

ELIBARIKI: Isome maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hayo kwa 2,880,000, zile laki nane umeziachia. Na kama gereji inalipwa moja kwa moja, usisaini kupokea gari usiku. Njoo mchana, lioshwe, washa AC, angalia kama taa ya airbag inazimika sekunde chache baada ya kuwasha gari, pima mianya ya boneti tena kwa tepu ileile. Kisha endesha mpaka Usa River na kurudi, usukani ukiwa umenyooka, ndipo uchukue kalamu.