Kopo la Soda Lililokunywa Jua Miezi Sita

Hamjambo familia yangu, karibuni tena. Leo sitoki nje. Nimekaa hapa mezani, mapazia nimeyashusha, na mkiniona kwa mwanga hafifu hivi msidhani taa imeharibika. Ni kwa sababu ya hiki nilichoshika. Hebu nisogeze karibu na kamera. Mnaona? Kopo la soda. Limezungushiwa mkanda mweusi wa mafundi umeme toka juu mpaka chini, upande mmoja mkanda umepauka, na hapa katikati, ngoja niligeuze kidogo, pana kitundu. Mpaka ukitafute. Nilikitoboa kwa ncha ya sindano.

Hii ni kamera. Haina lenzi, haina betri, haina kitufe. Niliifunga kwenye chuma cha roshani yangu tarehe 21 Juni, na leo ni tarehe 22 Desemba. Miezi sita imekuwa ikipiga picha moja, hiyo hiyo moja, na mimi mwenyewe sijaiona. Tutaifungua pamoja, lakini si sasa hivi.

Wengi mmeniandikia mkiuliza, mbona siku hizi video zako zimejaa vitu vya ajabu ajabu? Viatu vyenye miavuli, kofia za kiatu, mifupa ya plastiki inayotembea. Leo nawajibu, na jibu linaanzia kwenye ngazi.

Mwaka 1972 msanii wa Kijapani, Akasegawa Genpei, alikuwa akipita eneo la Yotsuya, Tokyo, akaona ngazi ubavuni mwa jengo. Unapanda vidato kadhaa, unafika juu, unakutana na ukuta. Mlango hakuna. Unashukia upande wa pili, basi, safari imekwisha. Ngazi ile ilikuwa wazi kwa kila mpita njia. Yeye alisimama akaiangalia vizuri, na hapo ndipo alipoona kitu kinachonisisimua mpaka leo: kishikio cha ngazi kiliwahi kuharibika sehemu moja, na mtu alikuwa amekitengeneza. Kipande kipya cha mbao kimepachikwa kwa uangalifu. Yaani ngazi haimfikishi mtu popote, na bado kuna aliyeona inastahili fundi.

Akasegawa akaanza kuvitafuta vitu vya namna hiyo mjini, vitu ambavyo kazi yake imekwisha lakini bado vinatunzwa, na baadaye akavipa jina: Thomasson. Jina hilo ni la mtu. Gary Thomasson alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka Marekani aliyesajiliwa na Yomiuri Giants ya Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha nyingi. Akawa anapunga gongo, mpira unapita. Timu ikamweka benchi huku ikiendelea kumlipa. Namwonea huruma kidogo, maana jina la mtu mzima limebaki kwenye ngazi na milango iliyozibwa, lakini nakiri kwamba jina lilipata mahali pake.

Nilipojua habari hiyo nikaanza kutembea macho juu. Siku ya tatu nikaona Thomasson wangu wa kwanza, njiani kwenda kazini, njia niliyoipita miaka miwili. Ghorofa ya pili ya jengo la matofali kuna mlango. Mlango kamili, una kitasa, una kizingiti. Chini yake hakuna ngazi wala roshani, ukitoka unaanguka barabarani. Nikakaribia. Umepakwa rangi ya kijani, mbichi kabisa, na fundi alikuwa ameweka utepe kuzunguka kitasa ili kisichafuke; kipande kidogo cha utepe kilikuwa bado kimeng'ang'ania pale. Nilisimama pale mpaka basi langu likanipita. Miaka miwili, jamani! Nilikuwa naangalia simu.

Kwa hiyo nikisema vitu vya ajabu, simaanishi vichekesho. Namaanisha vitu ambavyo haviwezi kuwepo mpaka mtu asimame akaangalia.

Chukueni Kenji Kawakami, Mjapani mwingine. Yeye ndiye baba wa kile kinachoitwa chindogu, kifaa cha ajabu. Viatu vyenye miavuli midogo miwili kwenye ncha, ili mvua isiloweshe vidole. Kofia yenye karatasi ya chooni kichwani kwa mtu mwenye mafua, unavuta tu mbele ya uso. Nguo ya mtoto mchanga iliyoshonewa nyuzi za kupigia deki, mtoto akitambaa sakafu inang'aa. Watu wakiona picha hizo husema, hawa hawana kazi. Wana kazi kubwa sana! Chindogu ina masharti yake kumi, na ni magumu. Lazima kifaa kitengenezwe kweli, kuchora hakutoshi. Lazima kitatue tatizo halisi la kila siku. Lakini kiwe na usumbufu kiasi kwamba hakuna atakayekitumia. Na kisiuzwe, wala kisisajiliwe hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake kunufaika na uvumbuzi wake. Fikirini hilo la mwisho: unahangaika wiki nzima na gundi na waya, halafu umejifunga mwenyewe kwamba hutapata hata senti. Kinachobaki hapo ni mapenzi ya kutengeneza.

Na mpaka kati ya cha maana na cha upuuzi husogea. Katika kitabu chake cha mwaka 1995, kati ya vifaa hivyo visivyo na faida, Kawakami aliweka kijiti cha kujipigia picha. Ndiyo, kijiti cha selfi! Na kilikuwa kimeshavumbuliwa kabla ya hapo. Hiroshi Ueda, aliyefanya kazi kampuni ya kamera ya Minolta, alikipatia hataza mwaka 1983. Alisimulia kwamba akiwa likizoni Paris, kwenye jumba la makumbusho la Louvre, alimwomba mtoto ampige picha na mkewe, mtoto akakimbia na kamera. Akatengeneza kijiti, akaweka na kioo kidogo mbele ya kamera ili mtu ajione. Hakikununuliwa sana. Hataza ikaisha muda wake mwaka 2003, simu zenye kamera ya mbele zikaenea baadaye, na mengine mnayajua nyote.

Upande wa mavazi nitapita haraka, kwa sababu kanda nyingi za mitindo ya ajabu mtandaoni ni kelele tu, mtu kavaa ndoo ili apigwe picha. Hizo hazinigusi. Kofia ya kiatu ya mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli ya mwaka 1937 inanigusa, kiatu cha kisigino kirefu kimepinduliwa juu ya kichwa, wazo la mchoraji Salvador Dalí, ambaye alishawahi kupigwa picha akiwa na kiatu cha mkewe kichwani. Inanigusa kwa sababu ni kofia nzuri kweli, imekaa kichwani kama imezaliwa hapo. Kuna pia sidiria ya Elena Bodnar, daktari, inayoachana vipande viwili, kila kipande kikawa barakoa ya kuziba pua na mdomo. Ilipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya kazi zinazochekesha kwanza kisha zinafikirisha, mwaka 2009 na ukumbi ukaangua kicheko, lakini Bodnar alianza kazi yake ya udaktari Ukraine akiwahudumia walioathirika na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na wazo lake lilitoka huko.

Yule ningependa kukaa naye siku nzima ni Theo Jansen wa Uholanzi. Tangu mwaka 1990 anatengeneza viumbe vinavyotembea ufukweni kwa nguvu ya upepo, Strandbeest anaviita, wanyama wa ufukweni. Vifaa vyake ni yale mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, rangi ya njano. Hakuna mota. Mwanzoni alitumia kompyuta ya Atari kutafuta urefu wa kila kijiti cha mguu, programu ikawa inashindanisha miguu, iliyotembea vizuri inabaki, mibaya inaachwa, ikaendelea hivyo kwa miezi. Alichokuwa anatafuta ni hiki: wayo ukiwa chini uende sawa kama umewekwa kwenye reli, ili mwili usipande na kushuka. Ndiyo maana vikitembea vinaonekana kama vinateleza, miguu kibao inapishana chini na mgongo umetulia. Baadhi vina chupa za plastiki zinazohifadhi hewa iliyosindiliwa, upepo ukikata kiumbe kinaendelea kidogo kwa akiba. Na kuna bomba linalovuta hewa karibu na mchanga. Likivuta maji badala ya hewa, kiumbe kinajua kimeingia baharini, kinarudi nyuma. Plastiki tupu! Mara ya kwanza kuona video yake niliirudia mpaka usiku wa manane, nikitazama tu ule wayo.

Haya. Turudi kwenye kopo.

Wazo lake nililipata kwa habari ya Regina Valkenborgh. Mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa sanaa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, aliweka karatasi ya kuchapia picha, ile inayobadilika rangi ikipigwa na mwanga, ndani ya kopo la bia, akalifunga kwenye jengo la darubini la chuo, Bayfordbury. Majaribio yake ya nyuma yalikuwa yameharibiwa na unyevu. Hili akalisahau. Septemba 2020 likakutwa bado pale pale. Ndani mlikuwa na picha ya miaka minane na mwezi mmoja, inaaminika ndiyo picha iliyochukua muda mrefu kuliko zote zinazojulikana. Wakahesabu njia za jua: 2,953. Kila siku jua lilipopita, liliacha mstari wake.

Na hii si mbali na mwanzo wa upigaji picha wenyewe. Picha ya zamani kuliko zote za kamera zilizosalia, ile ya Nicéphore Niépce wa Ufaransa ya mwaka 1826 au 1827, ilihitaji muda mrefu kiasi kwamba jua linaonekana limeangaza pande zote mbili za jengo, asubuhi na jioni kwenye bamba moja.

Kopo langu la mwaka jana lilikufa. Sikuziba kifuniko vizuri, mvua ikaingia, nikakuta karatasi imegandana na ukuta wa kopo, ina ukungu. Niliumia. Hili nimelizungushia mkanda mara tatu.

Sasa nakata. Mkasi unapita... kifuniko kimetoka. Ndani pakavu! Namshukuru Mungu. Naivuta taratibu. Tazameni, karatasi ilikuwa nyeupe, leo ni zambarau na hudhurungi, bila dawa yoyote ya kusafishia picha, jua peke yake. Siwezi kuiacha wazi, mwanga huu unaendelea kuila. Inaingia kwenye skana mara moja tu, kwa sababu hata mwanga wa skana unaififisha, halafu inarudi kwenye bahasha nyeusi.

Nimeshageuza rangi kwenye programu, giza likawa mwanga, kushoto ikawa kulia. Hii hapa.

Mstari wa juu kabisa ni siku niliyofunga kopo, Juni, jua limepanda mpaka limekaribia ukingo wa karatasi. Huku juu mistari imebanana kama nyuzi za kitambaa, kwa sababu wiki hizo jua halibadilishi sana njia. Katikati, Septemba, imeachana, jua linashuka haraka kila siku. Mapengo haya ni mawingu. Pale mstari unapokatika katika ni siku ya mawingu ya kupita, na hapa palipo weusi mpana ni Novemba, jua sikuliona karibu wiki mbili, nakumbuka vizuri. Na mstari huu wa chini, mfupi, unaogusa mapaa ya nyumba za mbele, ni wa jana. Jua lilichungulia likaondoka.

Mtaa uko mtupu. Miezi sita mabasi yamepita hapo, majirani wametoka na kuingia, watoto wamecheza, hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Hakuna aliyesimama muda wa kutosha. Waliobaki ni mapaa, mti, na nguzo ya taa.

Ninyi mlio nyumbani, hasa mlio karibu na Ikweta, nina ombi. Mistari yangu imepinda kama upinde kwa sababu huku niliko, kaskazini mbali na Ikweta, jua linapita pembeni. Kwenu halipindi hivyo. Tafuteni kopo, karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe, sindano nyembamba na mkanda mweusi. Karatasi iingizwe gizani, upande unaong'aa uelekee kwenye tundu, na isilizibe tundu lenyewe. Elekezeni tundu mashariki au magharibi, funga kwenye kitu kisichotikisika, ziba kifuniko mara tatu, msinirudie kosa langu. Mkifunga leo, fungueni tarehe 21 Juni. Mistari yenu itasimama karibu wima, mmoja kando ya mwingine, jua likipanda moja kwa moja kutoka ardhini. Picha ya namna hiyo mimi huku siwezi kuipiga hata nikingoja miaka minane. Nipigieni ninyi.